Mtoto Mwenye Disleksia Dodoma: Shule ya Mtaani, Kitengo, English Medium au Bweni la Mbali?

Buigiri, kule Chamwino, kuna shule ya wasioona tangu mwaka 1950. Kigwe, wilayani Bahi, kuna shule ya viziwi. Mtoto asiyeona au asiyesikia katika mkoa huu ana shule ambayo hata mwenyekiti wa mtaa anaweza kumtajia mama yake. Mwenye disleksia hana. Anaona, anasikia, anapiga soga hadi wageni wanashika mbavu, anajua bei ya zabibu soko la Sabasaba na chenji anayotakiwa kurudishiwa, lakini ukimpa kitabu cha darasa la tatu anaanza kutoka jasho.

Sijaona Dodoma kibao cha shule kinachomtaja mtoto huyu. Kwa hiyo mzazi hubaki na njia nne: shule ya serikali iliyo karibu pamoja na mwalimu wa nyumbani, kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya msingi, English medium, au shule ya mbali yenye wataalamu. Nitazilinganisha kwa mambo matatu tu: kusoma kunafundishwa vipi, kwa lugha gani, na mtoto anapata dakika ngapi za mwalimu kwa siku. Basi la njano na sweta lenye nembo havimo kwenye hesabu yangu.

Kabla ya kuchagua, jua unachokishughulikia

Disleksia ni ugumu wa ubongo kuunganisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha. Haipimi akili ya mtoto. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 ambaye hesabu alikuwa anaziweza lakini kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika darasa la pili Kongwa au Mpwapwa anamjua mtoto wa namna hiyo. Hali hii pia hutembea katika ukoo, kwa hiyo uliza kama kuna mjomba au shangazi aliyeacha shule huku kila mtu akimsifu kwa akili.

Anza na macho na masikio. Hospitali ya General au Benjamin Mkapa watakupimia. Ukielekezwa kumwona mwanasaikolojia Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nenda. Utani wa mjini kuhusu Mirembe usimnyime mwanao vipimo.

Halafu mpime mwenyewe mezani. Mwambie aseme "kikombe" bila "ki". Mwambie ataje maneno matatu yanayoanza na sauti moja. Mpe ukurasa anaousoma vizuri, kisha funika picha na uanzie mstari wa katikati. Wengi huwa wamekariri ukurasa mzima kama wimbo, na ukiwakatisha wanapotea. Mwandikishe neno "nywele" leo, kesho na keshokutwa, uone kama litaandikwa kwa namna tatu tofauti. Kwa Kiswahili mtoto mwenye disleksia mara nyingi hulifikia neno, ila kwa kuburuza silabi moja moja, na akifika mwisho wa sentensi amesahau ilianzaje. Mbwa, ng'ombe na nyw- ndizo zinazomtoa machozi.

Kuna watu wawili wasichanganywe naye. Wa kwanza ni mtoto anayeandika "kurara" badala ya "kulala" lakini anasoma haraka. Hiyo ni lafudhi ya nyumbani tu. Wa pili ni mtoto aliyekulia kwenye Chigogo akakutana na Kiswahili mlangoni pa shule. Huyo amekosa maneno. Mpime kwa Chigogo: kama anaweza kutoa silabi ya kwanza kwenye neno analolijua na kucheza na vina bila shida, mpe muda na mazungumzo ya Kiswahili kabla hujambandika jina la tatizo.

Lugha ndiyo inayoamua mengi

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, shule za English medium zimeota kila upande wa mji. Mzazi anamwona mwanawe wa darasa la pili hasomi, anahitimisha kwamba walimu wa serikali hawafundishi, anachukua mkopo na kumhamisha. Uamuzi huo unaonekana wa busara, na kwa mtoto huyu mara nyingi ndio mbaya kuliko yote manne.

Kiswahili kina vokali tano na kila moja ina sauti moja. Ukishajua "ba", ni "ba" popote utakapoikuta. Kiingereza kina "cough", "though" na "through", maneno yenye mkia uleule wa herufi na sauti tatu tofauti. Mwaka 2003 watafiti Seymour, Aro na Erskine walilinganisha watoto waliokuwa wakianza kusoma kwa lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Finland na Ugiriki walipomaliza mwaka wa kwanza walikuwa wanasoma karibu kila neno la kawaida walilopewa. Watoto wa Scotland, waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza, walisoma sawasawa kama theluthi tu. Na hao hawakuwa na disleksia, tena Kiingereza ni lugha wanayoamka nayo na kulala nayo. Sasa mchukue mtoto wa Mkonze ambaye sauti na herufi zinagombana kichwani, umpe lugha yake ya tatu, na katika zote hizo ndiyo iliyoandikwa kwa kuvurugika zaidi, ili ajifunzie humo kusoma kwa mara ya kwanza.

Hoja inayopinga hili naijua, na ina uzito: kidato cha kwanza masomo ni kwa Kiingereza, hata shule za serikali. Lakini kinachokwama kwa mtoto huyu ni ile kazi ya kusikia sauti ndani ya neno na kuipa herufi. Akiijua kazi hiyo kwa Kiswahili, anaihamishia kwenye Kiingereza. Herufi ni zilezile, kinachobaki ni kujifunza vituko vya tahajia. Asipoijua kwa lugha yoyote, anafika kidato cha kwanza akiwa na sentensi za Kiingereza za kuongea na hana hata mstari mmoja wa kusoma.

English medium ina lake zuri, nisiibeze. Darasa ni dogo. Mwalimu anamjua mtoto kwa jina, na mzazi akiomba kikao anakipata. Kama mwanao tayari anasoma Kiswahili kwa taabu lakini anasoma, au nyumbani kwenu Kiingereza ndicho kinachozungumzwa, shule hiyo inaweza kumfaa. Muulize mwalimu mkuu maswali mawili. Herufi za watoto wa awali zinafundishwa kwa majina yake au kwa sauti zake? Akikuimbia "A for apple" akaishia hapo, umepata jibu. La pili: mtoto asiyefikia wastani wa shule mnamfanyaje? Shule inayotundika ufaulu wake kwenye bango la barabarani ina sababu ya kumtaka mtoto wa kiwango cha chini akariri darasa au ahame kabla ya mtihani wa taifa. Sikiliza jibu, halafu waulize wazazi wanaosubiri watoto getini.

Kitengo: mwalimu sahihi, darasa lisilo lake

Shule kadhaa za msingi za serikali zina kitengo cha elimu maalumu. Mwalimu wake mara nyingi amepitia Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, ambacho kazi yake ni kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mtu huyu anajua kumfundisha mtoto mmoja mmoja, anajua kurudia bila kukaripia, na anajua kupanga lengo dogo la wiki na kulipima. Katika njia zote nne hapa ndipo utakapompata mwalimu mwenye ujuzi huo bila kulipa ada.

Tatizo ni darasa lenyewe. Vitengo vingi viliundwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, na sasa vinapokea pia wenye usonji. Umri unachanganyika, na masaa mengi yanakwenda kwenye kujihudumia, kuhesabu vitu na kazi za mikono. Ni kazi ya maana sana kwa wale inaowahusu. Lakini ukimweka humo mtoto anayeweza kukueleza mvua inanyeshaje na kwa nini Dodoma hainyeshi sana, atarudi nyumbani akiamini kile ambacho watoto wa mtaani wamekuwa wakimwambia. Sayansi na maarifa ya jamii ambayo angeyaelewa kwa kusikiliza tu atayakosa.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kumwomba mwalimu wa kitengo na kuliacha darasa lake. Mtoto abaki na wenzake kwenye darasa la kawaida, kisha kila siku apelekwe kwa mwalimu huyo kwa kipindi kimoja cha kusoma. Mwalimu mkuu akisema utaratibu huo haupo, mkumbushe kwa heshima kwamba Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unataka mtoto asaidiwe pale alipo, pamoja na wenzake. Akishikilia msimamo, panda hadi kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Nenda na daftari la mtoto mkononi; ukurasa wenye "nywele" tatu utaongea kuliko wewe.

Shule ya mtaani na mwalimu wa jioni

Hii ndiyo njia ninayoipa kura, kwa familia nyingi. Haina ada, ingawa mchango wa chakula na sare utaulipa. Inafundisha kwa Kiswahili. Na mtaala wa darasa la kwanza na la pili, tangu 2015, umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu; kwenye karatasi hakuna mtaala unaomfaa zaidi mtoto anayeanza.

Karatasi ni kitu kimoja, darasa ni kingine. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na shule nyingi za mjini kwetu zimepita hapo zamani. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo anasikia sauti moja kubwa ikiimba "ba be bi bo bu", na mtoto wako anaimba kwa nguvu kuliko wote huku macho yako dirishani. Hadi darasa la tatu, vitabu vinapoanza kudhani kwamba kila mtu anasoma, hakuna aliyemgundua. Upimaji wa darasa la nne ndio unaokuja kumvua nguo.

Kwa hiyo bila mwalimu wa jioni njia hii haifanyi kazi, na mwalimu mwenyewe lazima umchague. Mwanachuo anayefundisha twisheni ya hesabu vizuri anaweza kushindwa kabisa hapa. Mtafute mwalimu mstaafu aliyeshika darasa la kwanza miaka mingi. Mama mmoja wa Chang'ombe alimpeleka mwanawe kwa bibi wa namna hiyo, nami nilikuwapo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Huyu baba yuko darasa la ngapi?"

"La nne, mwalimu."

"Haya. Tutaanza na a, e, i, o, u."

Mama uso ulimshuka, kwa sababu alitarajia mitihani iliyopita. Lakini huyo ndiye mwalimu wa kumlipa. Anayeuliza kwanza "mtihani wake lini?" akatoa rundo la karatasi za maswali, mshukuru, muage.

Anachotakiwa kufanya kilianza kupangwa Marekani miaka ya 1930 na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, na mbinu nyingi za leo zimetoka huko: sauti kwanza, kisha herufi yake, kisha silabi, kisha neno, kwa mpangilio usiorukwa. Mtoto anaitamka sauti, anaiona na kuichora kwa kidole kwa wakati mmoja. Hakuna kuingia sauti mpya kabla ya jana kukaa sawa. Vifaa havina gharama: kadi zilizokatwa kwenye karatasi ya manila, sinia lenye mchanga, na Dodoma mchanga hatuazimi. Nusu saa, siku tano kwa wiki, inashinda masaa matatu ya Jumamosi. Ukimkuta mwalimu amekaa wiki nzima kwenye "mb" na "nd", usimharakishe.

Malipo mpatane kwa mwezi, na mpime kwa kitu kimoja: kila mwisho wa mwezi mtoto asome kifungu kifupi ambacho hajawahi kukiona, wewe ukiwa na saa mkononi. Hadithi ileile aliyokariri isikudanganye.

Darasani, omba vitu vidogo ambavyo mwalimu mwenye watoto wengi anaweza kuvitoa. Asimsimamishe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kumwandaa. Amkalishe mbele. Amuulize maswali ya sayansi kwa mdomo mara mojamoja. Mwalimu aliyechoka hukubali ombi dogo mahususi na kulisahau ombi kubwa la "tafadhali msaidie mwanangu".

Kama kuna tableti au simu ya ziada nyumbani, programu za kujifunza kusoma kwa Kiswahili zipo na hazina bei. Kitkit School na onebillion, zilizoshinda kwa pamoja shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019, zilijaribiwa vijijini mkoani Tanga kwa Kiswahili, kisha zikatolewa wazi kwa yeyote kutumia. Zinafaa kwa marudio wakati unapika. Nafasi ya bibi wa Chang'ombe haziichukui.

Mbali: Dar es Salaam au Kitengela

Baadhi ya shule za kimataifa za Dar es Salaam zina idara ya kuwasaidia wanaopata shida ya kujifunza, zenye walimu waliosomea kazi hiyo. Ada zake hupangwa kwa dola na lugha ni Kiingereza. Kama mwajiri analipa, nenda. Kama unauza kiwanja, ngoja kidogo.

Shule inayomtaja mtoto huyu waziwazi, iliyo karibu nasi, iko ng'ambo ya mpaka: Rare Gem Talent School, Kitengela, kusini mwa Nairobi, inayofungamana na chama cha disleksia cha Kenya. Kwa gari ni Babati, Arusha, Namanga, halafu mbele hadi Kitengela. Kinachopatikana huko hakuna njia nyingine inayokitoa, nacho ni darasa zima la watoto wanaosoma kama yeye. Mtoto wa miaka 12 aliyekwishaitwa mjinga kwa miaka mitano anaweza kukihitaji hicho kuliko herufi zenyewe. Kwa mtoto wa namna hiyo, mwenye familia inayomudu na ndugu wa karibu upande ule, ningeifikiria.

Kwa mtoto wa miaka saba, hapana. Atahama mtaala, na siku akirudi ataanza kuufukuzia wetu. Zaidi ya hapo, mtoto mdogo anayeshindwa kusoma anahitaji kulala kwao. Hata hapa nchini, tangu mwaka 2023 serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule ikikwambia "mlete tu, tutamweka bwenini", ombeni kwanza kukiona hicho kibali.

Fedha zisipotee njiani

Miwani ya rangi na mazoezi ya macho hayatibu disleksia. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 wakisema ushahidi haupo. Vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" vya dukani viache. Maombi ni haki yako na imani yako, ila yasichukue nusu saa ya mwalimu.

Kituo kinachokuahidi kumaliza tatizo kwa likizo moja ya Juni usikipe hata nauli. Mtoto wa disleksia aliyefundishwa vizuri atasoma, lakini kwa kasi ya chini kuliko wenzake, pengine maisha yake yote, na ndiyo maana suala la muda wa mtihani lisiachwe hadi mwisho.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huelekeza kila mwaka kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wanaotajwa mara nyingi ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi na wenye ulemavu wa viungo au wa akili. Disleksia haionekani kwa macho, kwa hiyo mtoto wako hataorodheshwa kwa bahati. Mwandikie mwalimu mkuu barua mapema, angalau mwaka mzima kabla ya mtihani, ukiambatanisha vipimo vya hospitali, maelezo ya mwalimu wa jioni na kurasa chache za daftari zenye tarehe. Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa shule ubaki nayo, nyingine ipeleke mwenyewe ofisi ya elimu ya halmashauri, na uandike jina la aliyeipokea.